Nimeijaribu R kwa vifaranga 400, Buswelu

R ni programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu za takwimu. Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta: sifuri. Hakuna leseni, hakuna "tumia siku 30 kisha ulipe", hakuna kijana wa kukuuzia kopi iliyochakachuliwa kwenye flashi iliyojaa virusi. Unapakua faili moja lisilofika MB 100, unasakinisha, na baada ya hapo huhitaji hata bando, inafanya kazi bila intaneti. Mimi niliwekewa na mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo, kwenye laptopu ya zamani ambayo betri yake ilishakufa na haiwaki bila kuchomekwa ukutani. R haikulalamika.

Waliokwisha kuzisikia programu za takwimu watashangaa shangazi wa kufuga kuku anatafuta nini huko. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nafuga chotara hapa Buswelu, Mwanza, na maisha yangu yote ya kazi nimejaza rejista, kwa hiyo kila kifo cha kuku wangu kina mstari wake kwenye kaunta buku. Mwezi wa tatu nilinunua vifaranga wa siku moja kwa mawakala wawili, 200 kwa kila mmoja. Sitawataja. Mmoja vifaranga wake walikuja kwenye maboksi ya njano, mwingine kwenye maboksi meupe, na hivyo ndivyo nitakavyowaita. Niliwaweka bruda mbili (sehemu za kulelea vifaranga kwa joto), zinazotazamana, chakula kimoja, maji ya glukosi siku ya kwanza, chanjo kwa ratiba ile ile. Siku ya 21 nikahesabu: njano wamekufa 30, nyeupe wamekufa 17. Asilimia 15 dhidi ya asilimia 8.5.

Nikakasirika. Pale kwetu tuko akina mama kama arobaini tunaofuga, na tunaambizana kwenye simu nani anauza nini. Ujumbe nilikuwa nimeshauandika: "Jamani wa maboksi ya njano msimguse, vifaranga wake wagonjwa." Kidole kiko kwenye kutuma. Mtoto wa kaka alikuwa amekuja kusalimia, akasoma begani kwangu, akasema, "Shangazi, samahani, una uhakika gani kuwa si bahati tu?"

Nilimjibu kwa ukali kidogo. Nikamwambia 30 na 17 hata asiyesoma anaona. Akaniuliza: tukichukulia mawakala wote wawili ni sawa sawa, vifaranga 47 kati ya 400 wangekufa tu, uwachanganye wote kwenye tenga moja, kisha uwagawe 200 huku na 200 kule ukiwa umefumba macho, ni mara ngapi pengo litafika vifaranga 13 au kuzidi, upande wowote? Sikuwa na jibu. Hapo ndipo R ilipoingia nyumbani kwangu.

Kazi inayofanywa ni hiyo tu, msitishwe na majina. Una makundi mawili, kila moja lina idadi yake, na ndani ya kila moja wako waliopatwa na jambo. Unauliza kama tofauti ya asilimia ni kubwa kuliko ile inayoweza kuletwa na bahati. Jibu linakuja kama namba kati ya 0 na 1, wanaiita p. Ikiwa ndogo, maana yake pengo kama hilo ni adimu kwa mawakala walio sawa. Desturi ya watu wengi ni kusimama kwenye 0.05, yaani mara 5 katika 100. Ni desturi tu.

Amri yenyewe ni fupi kuliko ujumbe wa kuomba salio:

prop.test(c(30, 17), c(200, 200))

Mabano ya kwanza waliokufa, mabano ya pili jumla. Na hapa naweka malalamiko yangu ya kwanza, tena makubwa. Mara ya kwanza kuandika mwenyewe niliweka waliokufa, halafu nikaweka waliobaki: 30 na 17, kisha 170 na 183. Kwa mtu wa rejista ndivyo akili inavyokwenda, wafu safu hii, wazima safu ile. R ikapokea bila kukohoa. Ikanipa p ya 0.031, nikashangilia, nikasema mnaona! Kumbe nimeipa jumla ya uongo. Hakuna onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake 30 kati ya 170 ni hesabu halali kabisa. Kosa la koma au herufi kubwa itakugombeza papo hapo (ukiandika Prop.test kwa P kubwa inakwambia haiijui), lakini kosa la maana inalimeza kimya kimya. Tangu siku hiyo, kabla sijaangalia p, naangalia mistari ya mwisho inapochapisha asilimia za kila kundi. Zikiwa si 0.150 na 0.085 ninazozijua kutoka kwenye daftari, nafuta naanza upya.

Nilipoandika vizuri, p ikaja 0.062. Imevuka 0.05. Chini yake ikaonyesha mipaka ya asilimia 95 ya tofauti yenyewe: kutoka karibu -0.003 hadi 0.133. Mipaka hii nimeipenda kuliko p. Inaniambia kwamba kwa ushahidi nilionao, wa njano anaweza kuwa ananiulia vifaranga 13 zaidi katika kila mia, au hana tofauti yoyote na mwenzake. Hiyo ni lugha ambayo hata mume wangu aliielewa.

Mtoto wa kaka akaona uso wangu umebadilika, akasema, "Shangazi, kuna njia." Akaongeza neno mwishoni, correct = FALSE, akabonyeza. Ikatoka 0.044. Chini ya 0.05! Vifaranga ni wale wale, wafu wale wale, jibu limehama upande.

Nikamwambia kaa chini unieleze hiyo ni nini, maana kwenye wodi tuliwaona watu wakipima presha mara tatu hadi wapate wanayoitaka. Akaeleza, na baadaye nikasoma mwenyewe. Hesabu hii inaazima mstari laini wa kihisabati, lakini vifaranga wanakufa mmoja mmoja, hakuna anayekufa robo. Mwaka 1934 Mwingereza Frank Yates alipendekeza kupunguza nusu kutoka kwenye kila tofauti kati ya ulichohesabu na ulichotarajia, ili laini na vipande vikaribiane. Nusu kifaranga, kwa hesabu yangu. R inaweka hiyo nusu yenyewe bila kukuuliza, na hiyo correct = FALSE ni ya kuiondoa. Wako wanatakwimu wengi wanaosema nusu hiyo ni uoga uliopitiliza, na wana hoja. Sigombani nao. Ninachogombania ni kuchagua baada ya kuona jibu. Iondoe au iache, lakini amua kabla ya kubonyeza. Tulijaribu pia fisher.test, ambayo haiazimi mstari wowote bali inahesabu migawanyo yenyewe, nayo ilikataa kushuka chini ya 0.05. Basi nikafuta ujumbe wangu, huku roho inauma.

Kama tathmini ingeishia hapa, ningeipa R nyota tano, tungeagana. Lakini usiku ule nililala na kaunta buku.

Nilikuwa napitia bruda ya njano, siku kwa siku. Siku ya 1, wawili. Siku ya 2, mmoja. Siku ya 4, hakuna. Siku ya 6, kumi na wanne. Kumi na wanne! Na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "mkaa uliisha saa 9 usiku, wamerundikana kona ya mlangoni, wa chini wamekosa hewa." Nilikuwa nimesahau kabisa. Usiku ule kulikuwa na mvua ya upepo kutoka ziwani, binti wa kazi alikuwa ameenda kwao msibani, mimi nikapitiwa. Chungu cha moto cha bruda ya njano kikazima. Cha nyeupe hakikuzima kwa sababu tu nilikijaza mwisho. Asubuhi niliwatoa wale vifaranga kumi na wanne wamebanana kama mkate uliokandamizwa, na pumba za mpunga zimewaganda tumboni.

Sasa wakala wa njano kosa lake liko wapi?

Ukitoa wale 14, njano wanabaki wafu 16, pungufu ya nyeupe kwa mmoja. Lakini hata kuwatoa baada ya kuona matokeo ni ujanja ule ule, kwa upande wa pili tu. Shida iko chini zaidi ya hapo. Hesabu ya prop.test inachukulia kwamba kila kifaranga ni karata yake peke yake, kifo cha huyu hakimhusu yule. Kwenye bruda si hivyo hata kidogo. Jiko likizima wanakufa pamoja. Mmoja akianza kuhara damu, maranda yakilowa, wiki haiishi umeshazika kumi. Nilidhani nina vifaranga 400 wa kunipa ushahidi. Kwa kweli nilikuwa na bruda mbili: moja njano, moja nyeupe. Kwa bruda mbili huwezi kutenganisha wakala na jiko.

Jambo hili wanatakwimu wanalijua siku nyingi, na mfano wake mkubwa uko hapa hapa Mwanza, sikulazimika kwenda mbali. Mapema miaka ya 1990, nikiwa bado kijana kwenye uuguzi, ulifanyika utafiti vijijini mkoani kwetu wa kuona kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati kunapunguza maambukizi ya VVU. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Kwenye maeneo yaliyoboreshewa tiba, watu 48 kati ya 4,149 waliokuwa hawana virusi waliambukizwa ndani ya miaka miwili, asilimia 1.2. Kwenye maeneo ya kulinganishia, 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Ukizitupa namba hizo kwenye R kama nilivyofanya mimi kwa vifaranga, inakupa p ya karibu 0.01 na unaondoka unapiga mluzi.

Watafiti wale hawakufanya hivyo. Hawakugawa mtu mmoja mmoja, waligawa maeneo. Yalikuwa 12, yamepangwa jozi 6 za maeneo yanayofanana, na katika kila jozi eneo moja likapata tiba bora kwa bahati nasibu. Watu wa eneo moja wanaoana, wanaachana, wanaambukizana wao kwa wao, wanatibiwa na mganga yule yule. Ni bruda. Kwa hiyo hesabu yao iliheshimu zile jozi, na jibu likasimama: hatari ilishuka kwa karibu asilimia 42, p 0.007. Kwenye jozi zote sita eneo lililoboreshewa ndilo lililokuwa na maambukizi machache. Hilo hata bila kompyuta unalihesabu. Rusha shilingi mara sita, nafasi ya zote kuangukia upande mmoja, uwe wowote, ni 2 kati ya 64, yaani 0.031. Nilipomweleza jirani yangu hivyo aliitikia kwa kichwa haraka kuliko nilipomtajia watu elfu nne.

Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, walifanya kwa namna nyingine kwenye utafiti wa tohara ya wanaume uliochapishwa mwaka 2007. Pale kila mwanaume alipangiwa kundi lake peke yake: 1,391 watahiriwe mara moja, 1,393 wasubiri. Walioambukizwa VVU walikuwa 22 na 47. Kwa mpangilio kama huo prop.test iko nyumbani kwake, inatoa p ya karibu 0.0035. Watafiti wenyewe walihesabu na muda ambao kila mtu alifuatiliwa, kwa hiyo p yao si hiyo, ila hitimisho halibadiliki. Hizo ndizo namba ninazowapa watu wa kujaribia amri, maana zinafundisha kuliko vifaranga wangu.

Nikarudia jaribio lote mwezi wa sita. Fundi alinikatia mbao nyembamba, tukagawa banda vyumba 8, kila chumba vifaranga 50 na chungu chake cha mkaa. Nikachukua vizibo vinane vya soda, vinne nikavipaka rangi ya njano, nikaweka kwenye sufuria, mjukuu akachomoa kimoja kimoja mbele ya kila mlango. Mawakala wale wale, siku ile ile ya kupokea. Safari hii binti wa kazi alikuwepo na mimi nilitegesha simu saa 8 usiku, kila usiku, hadi mume wangu akahamia chumba cha wageni.

Siku ya 21: vyumba vya njano walikufa 5, 4, 7 na 3. Vyumba vyeupe 4, 6, 3 na 5. Jumla 19 kwa 18.

Nikaandika prop.test yangu, ikajibu p-value = 1. Moja kamili! Nilicheka peke yangu. Ni ile nusu ya Yates imeula ule mmoja wa tofauti wote, hakikubaki kitu. Msomaji asiyejua anaweza kudhani imethibitishwa kwamba mawakala ni sawa kabisa. Angalia mipaka: -0.057 hadi 0.067. Bado wa njano anaweza kuwa mbaya kwa karibu vifaranga 7 katika mia, au mzuri kwa karibu 6 katika mia. Kwa heshima ya vyumba nikafanya pia t.test, amri ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, kwa zile namba nane, nne kwa nne, ikasema 0.82. Hadithi ni ile ile.

Ipo amri nyingine ambayo ningejua mapema ningeokoa hela. Inaitwa power.prop.test, nayo unaitumia kabla ya kununua. Unaiambia unataka kuweza kugundua tofauti ya asilimia 15 na asilimia 8.5, na unataka uigundue mara 80 katika 100. Inajibu: zaidi kidogo ya 384 kwa kila upande, yaani vifaranga 385. Na hiyo ni kama wangekuwa karata huru, kwa bruda unahitaji zaidi. Mimi nilianza na 200 na hasira.

Mengine niyaseme haraka. Uso wa R ni dirisha tupu lenye alama ya > na kishale kinachopepesa, hakuna kitufe cha kukuongoza. Mtoto wa kaka aliniongezea RStudio, programu inayoipa R uso mzuri zaidi, nayo ya bure kwa kompyuta binafsi, macho yakapumzika. Kiswahili hakuna, maelezo yote ni Kiingereza cha wataalamu, na ukurasa wa msaada wa prop.test umeandikwa kwa mtu ambaye hahitaji msaada. Namba za desimali tumia nukta, usitumie koma, la sivyo utapata vifaranga usiowafuga. Iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, herufi R ni ya majina yao ya kwanza, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo haiji kila mwaka.

Kama kazi yako ni jedwali moja la mbili kwa mbili kwa mwaka (makundi mawili, waliokufa na waliobaki), OpenEpi, kikokotoo cha takwimu cha kwenye kivinjari, itakutosha, nayo ni ya bure, na ina visanduku vya kujaza ambavyo vingeniokoa na lile kosa la 170. Kabla ya R niliwahi kumlipa kijana wa stationery moja mjini anichambulie namba za mwaka jana. Alinirudishia kurasa kumi na moja zenye rangi, p kila mahali, na hakuna mahali alipouliza kuku walilala wapi. Sikumdai hela yangu. R nayo haiulizi, lakini angalau haijanitoza.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya ile 170 iliyomezwa bila onyo. Wakala wa maboksi ya njano hajui lolote kati ya haya, na Jumamosi analeta wengine 200.